Mama, Hiyo 5.6 Umeipima Saa Ngapi?

Wajawazito watatu wameketi kwenye benchi moja la kliniki mjini Nakuru, na mashine ya kupima sukari imewapa wote namba moja: 5.6. Wa kwanza hajatia kitu kinywani tangu jana usiku. Wa pili alianza kula chapati na maharagwe saa moja iliyopita. Wa tatu alikunywa chai kwenye stendi ya matatu, ila hakumbuki ilikuwa saa ngapi. Hawa ni akina mama wa mfano tu. Kwa yule wa kwanza, namba hiyo imepita mpaka na daktari atataka kujua zaidi. Kwa wa pili ni habari njema. Kuhusu wa tatu, hakuna anayeweza kusema lolote la uhakika.

Hofu nyingi ya kisukari cha mimba huanzia hapo. Mama anaambiwa "sukari yako iko juu", namba inaandikwa kwenye kitabu cha kliniki bila saa na bila chakula alichokula, kisha anarudi nyumbani Kaptembwo, Free Area au Njoro akiwa na moyo mzito. Jirani anamwambia aache ugali kabisa. Wifi anamkataza matunda. Mama mkwe anamhimiza ale kwa niaba ya watu wawili. Wote wanamtakia mema, lakini hakuna hata mmoja aliyeelezwa namba ile ilipimwa saa ngapi, baada ya mlo gani na kwa kifaa gani. Naamini kwa dhati kwamba mama akielezwa hayo vizuri, na akaelezwa kwa lugha anayoielewa, atajitunza kuliko akitishwa.

Tuanze na chanzo, maana lawama nyingi zinamwangukia mama bila haki. Kuanzia katikati ya ujauzito, kondo la nyuma hutoa homoni zinazoufanya mwili wa mama usiitikie insulini kama ulivyozoea. Mwili una sababu yake: sukari ikikaa kwenye damu kwa muda zaidi, mtoto anapata chakula chake. Kongosho hujibu kwa kuongeza insulini kwa wingi. Kwa akina mama wengi linamudu kazi hiyo. Kwa wengine halimudu, na sukari inapanda. Uzito mkubwa kabla ya mimba, umri, kuwa na mzazi au ndugu mwenye kisukari, na kuwahi kuzaa mtoto wa kilo 4 au zaidi huongeza uwezekano huo. Hata hivyo, wapo wanaopata tatizo hili bila kuwa na lolote kati ya hayo. Vijiko vya sukari alivyotia kwenye chai mwezi uliopita si maelezo ya kutosha.

Tatizo hili mara nyingi halina dalili. Kiu, uchovu na kwenda haja ndogo mara kwa mara ni mambo ya kawaida kwa mjamzito yeyote. Kijiti cha kupima mkojo nacho hakitoshi, kwa sababu figo za mjamzito hupitisha sukari kwa urahisi zaidi. Kijiti kinaweza kuonyesha sukari kwa mama ambaye damu yake haina shida, na kikawa safi kwa mama ambaye sukari yake iko juu. Jibu la uhakika hutoka kwenye damu, na wakati unaopendekezwa ni kati ya wiki ya 24 na ya 28, kipindi ambacho homoni za kondo zimeshika kasi.

Kipimo kamili kinadai subira. Mama hulala bila kula kwa saa 8 au zaidi. Asubuhi hutolewa damu kwenye mshipa, hunywa maji yaliyoyeyushwa gramu 75 za glukosi, kisha hutolewa damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mipaka inayotumika sana leo: 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja, na 8.5 baada ya saa mbili, zote zikiwa milimoli kwa lita. Kufikia mpaka mmoja tu kunatosha kusema mama ana kisukari cha mimba. Namba ikiwa 7.0 au zaidi kabla ya kula, au 11.1 na zaidi baada ya saa mbili, hiyo ni hali nzito zaidi, na huenda kisukari kilikuwepo hata kabla ya mimba.

Mipaka hii ina historia ambayo mama wa Nakuru anastahili kuijua. Ilitokana kwa sehemu kubwa na utafiti ulioitwa HAPO, uliochapishwa mwaka 2008, ambao uliwafuatilia zaidi ya wajawazito 23,000 katika nchi 9, zikiwemo Marekani, Uingereza, Thailand na Barbados. Hakukuwa na kituo hata kimoja barani Afrika. Watafiti walitafuta mahali ambapo hatari inaanza, wakakuta hapapo. Kadiri sukari ya mama inavyoongezeka, hata ikiwa bado chini, ndivyo uwezekano wa kuzaa mtoto mkubwa mno au kujifungua kwa upasuaji unavyoongezeka kidogo kidogo. Wataalamu wakakaa wakakubaliana wapi pa kuchora mstari. Kwa hiyo kati ya 5.0 na 5.1 hakuna tofauti ya mbingu na ardhi. Aliyepata 5.0 asijione amepona kila kitu, na aliyepata 5.1 asilie kana kwamba mtoto ameshapotea.

Jirani zetu wa magharibi mwa Kenya wametupa data kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwapima wajawazito 616 kwa kipimo kamili na kukuta asilimia 2.9 wana kisukari cha mimba. Ulilinganisha pia vipimo vya haraka vya kliniki na kipimo hicho kamili, kwa sababu kila mtu angependa njia fupi. Njia fupi hazikuweza kushika nafasi ya kipimo kamili vizuri.

Na njia ndefu ni ndefu kweli. Fikiria mama anayeishi Olenguruone au Kuresoi, aliyeitwa kupimwa katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti ya Nakuru, ile ambayo wakazi wengi bado wanaiita PGH. Anatoka kabla ya jua kuchomoza, tumbo tupu, anatembea hadi barabarani, anapanda matatu inayoyumba kwenye kona za Mau, kisha anapewa kikombe cha maji matamu kuliko soda. Kichefuchefu si ajabu. Akitapika, kipimo kinaahirishwa. Akitembea mjini wakati wa kusubiri, misuli itatumia sukari na majibu yatapungua, ndiyo maana anaombwa akae papo hapo kwa saa zote mbili. Kama una miadi ya namna hii na unatoka mbali, lala kwa ndugu mjini usiku huo ikiwezekana, na beba chakula cha kula mara tu damu ya mwisho ikishatolewa.

Kuna jambo jingine la maabara lisilosemwa sana. Damu ikikaa kwenye chupa ya kawaida, chembe zake zinaendelea kula sukari, na kiwango hushuka kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa. Sampuli iliyotolewa kituo cha mashambani asubuhi na kufikishwa maabara ya mjini adhuhuri inaweza kuonyesha sukari nzuri ambayo haipo. Chupa yenye kifuniko cha kijivu ina dawa ya kupunguza upotevu huo, ingawa haiukomeshi mara moja, kwa hiyo uharaka bado ni muhimu. Mama ana haki ya kuuliza damu yake inapimwa wapi na lini. Sista mwema hatakasirikia swali hilo.

Baada ya kugundulika, kazi inahamia nyumbani, na namba zinabadilika. Hapa wengi huchanganyikiwa, kwa kuwa mipaka ya kugundua ugonjwa si ile ya kujipima kila siku. Nyumbani, shabaha inayotumiwa sana ni chini ya 5.3 asubuhi kabla ya kula, chini ya 7.8 saa moja baada ya kula, au chini ya 6.7 saa mbili baada ya kula. Daktari anaweza kukuwekea shabaha tofauti kidogo kulingana na hali yako. Fuata ile uliyopewa. Saa inahesabiwa tangu ulipotia tonge la kwanza mdomoni, si tangu ulipoosha sahani. Aliyeanza kula saa saba mchana hujipima saa nane. Akichelewa nusu saa, namba hiyo haiwezi tena kulinganishwa na ya jana.

Wenye ndugu Marekani wawe macho kidogo. Mashine inayotumwa kutoka huko husoma kwa miligramu kwa desilita, na mama anayeona 95 kwenye kioo anaweza kuzimia kwa hofu. Gawanya kwa 18. Ile 95 ni 5.3, na 140 ni 7.8.

Sasa mahesabu ya mfukoni. Kujipima asubuhi na baada ya kila mlo ni mara 4 kwa siku. Pakiti ya stripu 50 za kupimia inaisha kabla ya wiki mbili. Kwa familia inayoishi kwa kibarua, huo ni mzigo, na mama wengi huishia kujipima siku wanayojisikia vibaya tu. Sioni haki ya kumlaumu mama huyo. Lakini ipo njia ya kutumia stripu chache kwa akili, na inafaa aipange pamoja na mhudumu wake: leo apime asubuhi na baada ya kifungua kinywa, kesho asubuhi na baada ya chakula cha mchana, keshokutwa asubuhi na baada ya cha jioni. Baada ya siku sita atakuwa na picha ya kila mlo mara mbili, kwa stripu 12. Mama anayetumia insulini hana nafasi ya kubana hivyo; yeye anahitaji kupima zaidi kwa usalama wake.

Picha ndiyo inayotafutwa. Tuseme mama wa Bahati ameandika asubuhi 4.8, 5.0, 4.9, 5.1, na baada ya chakula cha mchana 6.9, 7.2, 7.0. Lakini kila baada ya kifungua kinywa anapata 8.9, 9.2, 8.7. Hana haja ya kubadili maisha yake yote. Ana mlo mmoja unaomsumbua. Akitazama daftari anaona uji wa wimbi wenye sukari na vipande viwili vya mkate mweupe. Asubuhi ndipo homoni huipinga insulini zaidi, na uji wa unga uliosagwa laini hupita tumboni upesi. Akipunguza uji uwe kikombe kidogo bila sukari, akala yai au ndengu zilizobaki jana na mboga, namba hiyo inaweza kushuka ndani ya siku chache. Na ikitokea siku moja 9.5 katikati ya wiki nzuri, hiyo inaweza kuwa harusi ya binamu. Namba moja ya juu huandikwa, haiogopwi. Zikirudia mara tatu nne saa ile ile, mpigie mhudumu simu wala usingoje miadi.

Eneo hili la kati la Bonde la Ufa ni nchi ya wanga, na wala si aibu. Viazi vya Molo na Nyandarua, mahindi ya Rongai na Subukia, mukimo, chapati, wali wa Jumapili. Hakuna kinachohitaji kupigwa marufuku. Kiasi na wenza wake sahanini ndivyo vinavyoamua. Ugali unaojaa ngumi moja, ukiandamana na sukuma wiki au managu ya kutosha na samaki, maharagwe au nyama, haupandishi sukari kama mlima wa ugali na mchuzi mwepesi. Githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi humfaa mama huyu. Njahi, ambazo jamii ya Wakikuyu imewapikia wazazi kwa vizazi vingi, humeng'enywa polepole na zinastahili kuanza kuliwa kabla ya kujifungua. Mursik isiyotiwa sukari inaweza kunywewa kwa kipimo, kwa kuhesabu kwamba maziwa yana sukari yake. Cha kupunguza kwanza ni vinywaji vitamu: soda, sharubati ya matunda hata ile ya kusaga nyumbani, na chai yenye vijiko vitatu. Kutembea dakika 10 hadi 15 baada ya kula, hata kuzunguka boma tu, hushusha sukari, na kunafaa mjamzito yeyote ambaye daktari hajamkataza kutembea.

Naijua hoja ya mama wa mashamba ya maua ya Naivasha, kwamba muda wa chakula ni mfupi na saa moja baadaye yuko kwenye mstari wa kazi, mikono ndani ya glavu. Msimamizi anayemruhusu mjamzito dakika tano za kunawa na kujipima hapotezi chochote cha maana, na mwajiri anafaa kulisema hilo wazi ili mama asilazimike kuomba kama msaada.

Kabla ya kuamini namba, angalia mikono. Aliyetoka kumenya embe au ndizi ana sukari ya tunda kwenye kidole, na tone la damu litaichukua hiyo. Namba inaweza kuruka hadi 10 bila ukweli wowote ndani yake. Nawa kwa maji na sabuni, kausha, ndipo utoboe pembeni mwa kidole. Mashine nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kwenye joto la nyuzi 10 hadi 40, na asubuhi za Molo hushuka chini ya hapo, hivyo iweke mashine ndani ya nguo ipate joto kwanza. Stripu zisikae karibu na jiko wala kopo lisibaki wazi. Upungufu wa damu, ambao ni wa kawaida kwa wajawazito, hufanya mashine nyingi zisome juu kuliko ukweli. Mama anayetafuna mawe laini ya odowa kila siku amwambie sista bila kuona haya, kwani tamaa hiyo huenda pamoja na ukosefu wa madini ya chuma.

Hata mashine nzuri ina uhuru wake. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2013 kinairuhusu kupotoka kwa hadi 0.83 juu au chini sukari inapokuwa chini ya 5.55. Kwa maneno mengine, 5.1 ya kidole inaweza kuwa 4.3 au 5.9 kwenye maabara. Ndiyo maana ugonjwa hugunduliwa kwa damu ya mshipa, na mashine ya nyumbani hutumika kutazama mwelekeo wa siku nyingi.

Kuna mama atakayefanya yote haya na bado asubuhi akute 5.7, 5.9, 5.8. Huyu ndiye ninayetaka anisikilize zaidi. Sukari ya asubuhi haitoki kwenye chakula cha usiku pekee. Ini hutengeneza sukari usiku kucha wakati umelala, na homoni za kondo huizuia insulini kulituliza. Kulala njaa hakusaidii, na mara nyingine huzidisha. Hapo dawa inahitajika, ama metformini au sindano ya insulini, na kuihitaji si kushindwa. Insulini haivuki kondo kumfikia mtoto kwa kiasi cha kumdhuru. Sukari ndiyo inayovuka. Anayetumia insulini ajue pia upande wa pili: namba chini ya 3.9, kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla. Anywe mara moja nusu glasi ya soda ya kawaida au maji yenye vijiko vitatu vya sukari, apime tena baada ya dakika 15, kisha ale. Na mama yeyote mwenye sukari ya 11 na zaidi isiyoshuka, anayetapika bila kukoma, au anayeona mtoto amepunguza kucheza, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa mtoto, maelezo yaliyotolewa na daktari Jørgen Pedersen wa Copenhagen katika miaka ya 1950 bado yanasimama. Sukari ya ziada ya mama humfikia mtoto, kongosho lake dogo hutoa insulini nyingi kuikabili, na insulini hiyo humnenepesha, hasa mabegani. Kwetu mtoto wa kilo 4.5 hushangiliwa, wageni humbeba kwa zamu wakimsifu. Lakini mabega hayo yanaweza kukwama njiani, na mkunga anajua jinsi dakika hizo zilivyo nzito. Akishazaliwa, sukari ya mama imekatika ghafla huku insulini ya mtoto bado ni nyingi, hivyo sukari yake inaweza kushuka mno. Ndiyo sababu hunyonyeshwa ndani ya saa ya kwanza na kupimwa damu ya kisigino. Haya yanazuilika. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2005, uliohusisha wajawazito 1,000, ulionyesha kwamba matibabu yalipunguza madhara makubwa kwa watoto kutoka asilimia 4 hadi asilimia 1.

Kondo likitoka, sukari ya wengi hurudi kawaida ndani ya saa chache, na hapo ndipo wengi huondoka wasirudi. Mwanamke aliyepata kisukari cha mimba ana uwezekano wa angalau mara saba zaidi ya mwenzake wa kupata kisukari cha kudumu miaka ya mbele. Nakuru inajua miaka hiyo inavyoonekana: uchunguzi uliofanywa katika eneo hili mwaka 2007 na 2008, kwa zaidi ya watu 4,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, ulikuta asilimia 6.6 wana kisukari, na miongoni mwao wapo ambao macho yao yalikuwa yameshaanza kuharibika.

Kipimo cha kuthibitisha kwamba sukari imetulia hufanywa kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, na baada ya hapo angalau kila miaka mitatu. Mtoto wako atachanjwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Unapompeleka chanjo ya wiki ya 6 au ya 10, beba kitabu chako cha kliniki, mwambie sista kwamba ulikuwa na kisukari cha mimba, na uombe tarehe ya kupimwa wewe.